Mstari Katikati ya Kioo cha Morisi

Huu ni mwezi wa tatu tangu niache kazi. Yaliyoniachisha ni macho, si mtu. Nyie mliobaki kwenye duka letu la picha mmeniomba niandike yale niliyokuwa nikiwasimulia tukingoja umeme urudi, nami nimekubali. Ila mjue mimi nimeishia darasa la saba. Nimeandika daftari la siku zangu miaka yote hii, lakini sidhani kama daftari linamfanya mtu kuwa mwandishi. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Pale nitakapokosea bila kujua, nisameheni.

Hapa Kibiti wengi wananiita mama wa magari. Ni jina la ajabu kwa mtu ambaye hajawahi kushika usukani, hata wa bajaji. Kazi yangu ilikuwa picha za watu. Magari yalikuja kwa sababu yalikuwa yamesimama nyuma ya watu.

Siku ya kwanza Bwana Seif, mwenye studio, hakunipa kamera. Alinipa kigoda, brashi yenye nywele tatu nne hivi, kichupa cha wino mweusi, na picha iliyoharibika ya harusi ya watu tusiowajua. Akaniambia nizibe mikwaruzo. Picha za zamani, hasa zinazotoka delta ya Rufiji kwenye nyumba zenye unyevu, zikikwaruzika zinaacha mistari myeupe. Sisi tulikuwa tunaipiga picha ya mteja upya, tunaikuza, halafu kwenye ile kubwa tunaziba kila mstari mweupe kwa wino, nukta kwa nukta, mpaka ufanane na jirani yake. Ukivuta brashi kama mtu anayepaka mlango, umekwisha. Nilishinda siku nzima kwenye sehemu isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Jioni Bwana Seif akaja, akatazama, akasema bibi harusi ameota ndevu. Sikulia, lakini siwezi kusema kwamba nilikuwa mbali na kulia.

Siri ya wino ule ilikuwa mate. Unalamba ncha ya brashi, unagusa wino, unagusa picha. Mate yanaung'ang'aniza wino kwenye karatasi, na ukikauka hautoki kwa urahisi. Nimekula wino mwingi katika maisha haya, na sijui umenifanya nini tumboni, daktari hajauliza. Lakini mwezi wa Ramadhani brashi haiingii mdomoni. Tulitumia maji ya kawaida, na wino wa maji unakaa juu juu tu, kama poda usoni. Kwa hiyo Bwana Seif alinifundisha kuandika nyuma ya kila picha herufi ya kwanza ya jina langu, Somoe, na mwezi wa Kiislamu. Picha ya Ramadhani ikirudi imebabuka, tujue sababu, tusigombane na mteja. Nyie wa kompyuta mtacheka. Chekeni, ila andikeni nyuma ya picha zenu kitu fulani.

Magari nilianza kuyajua mwaka wangu wa nne au wa tano kazini, nadhani wa nne. Ng'ambo ya barabara alikuwapo Fundi Mtoro, aliyewahi kutengeneza magari ya serikali, kisha akafungua gereji yake chini ya bati. Alikuwa na tabia moja. Akiingia studio kuomba moto wa sigara, anasimama mbele ya picha tulizotundika, na macho yake yanawaruka watu wote. Bwana harusi, mkuu wa wilaya, maiti aliyelala kwenye jeneza, kwake hao walikuwa kama nzi juu ya kioo. Anasema, "Hiyo Ostini." Anasogea. "Hiyo Bedfodi, ya pua ndefu." Kisha anaondoka na moto wake.

Siku moja nilimuuliza anajuaje, maana kwangu gari lilikuwa gari. Akaniangalia kama aliyeulizwa anamjuaje mkewe. Akachukua karatasi, akawafunika watu wote kwenye picha, likabaki gari peke yake.

"Wewe binti unatazama anayecheka," akasema. "Gari halicheki. Ndiyo maana halidanganyi."

Tangu hapo akawa ananifundisha, kila siku kidogo, wakati sigara inaungua. Landrova za mwanzo zina taa zilizokaa ndani, karibu na wavu wa mbele, na ubavu wake umenyooka kama sanduku. Zilizofuata zimetoa tumbo kidogo ubavuni. Zile za baadaye taa zimehamia nje kwenye madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu, kama macho ya kaa. Ile Anglia, kioo chake cha nyuma kimelala kinyume, ukiitazama kwa upande unadhani imetengenezwa na mtu aliyeshika mchoro juu chini. Na Morisi ndogo, ile ya mviringo kama mkate wa kumimina: za kwanza zina kioo cha mbele cha vipande viwili, katikati kuna kipande chembamba cha chuma kinachong'aa. Miaka kama mitano kabla ya Uhuru wakaanza kutoa zenye kioo kimoja kizima. Nikayaandika yote daftarini na kuyachora. Michoro yangu Mtoro aliisema vibaya, na kwa haki, ilikuwa mibaya.

Sikuwa na haja ya kuyajua haya kwa ziba-ziba yangu. Nilitaka tu kujua. Nilikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, sijawahi kufika mbali kuliko Dar es Salaam, na hapa mezani pangu ilikuwa inapita mitaa ya watu waliokufa, na ndani yake kulikuwa na vitu vyenye majina. Ukishajua jina la kitu unakiona kila mahali. Nikaanza kutafuta madigadi nyuma ya mabega ya watu. Wateja walidhani nawakagua babu zao.

Kazi ngumu ya kwanza ilitoka Mkongo. Bwana mmoja alileta picha ya babu yake na wanaume wengine kando ya Landrova, na usukani ulikuwa upande wa kushoto. Mtoro akasema Landrova hiyo imetoka Kongo, labda Burundi. Yule bwana akafurahi sana, akaanza kutuambia safari za babu yake huko Kongo, ambazo nadhani alikuwa anazitunga palepale, lakini sina ushahidi. Mimi nilikaa na ile picha siku mbili. Kitu kilinikera nisikijue. Mwishowe nikaona: babu anasalimiana na mtu mzima mwenye kilemba, na wote wawili wametoa mkono wa kushoto. Nani hapa pwani anampa mtu mzima mkono wa kushoto? Aliyesafisha picha zamani aliigeuza negativu, ile filamu yenyewe, ndani ya mashine, na kulia kukawa kushoto. Tulipoigeuza, mikono ikawa ya kulia na usukani ukarudi mahali pake. Mtoro alivuta sigara yake hadi mwisho, akasema, "Leo umetazama watu." Yule bwana wa Mkongo alichukua picha yake bila furaha. Nilikuwa nimemnyang'anya Kongo nzima.

Baada ya hapo jina likaenea. Watu wakaja na picha kutoka Ikwiriri, Utete, hata visiwani, kuuliza ilipigwa lini. Nikawa nawaambia maneno ambayo naomba nyie myashike: gari linakwambia picha haikupigwa kabla ya lini. Haliwezi kukwambia haikupigwa baada ya lini. Gari likishatoka kiwandani linaweza kutembea miaka thelathini, na Rufiji hii linatembea hata baada ya hapo. Nililisema hilo kwa kila mtu. Nasikitika kwamba kulijua hakukunisaidia nilipolihitaji.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Hemedi, mfanyabiashara wa mchele hapa Kibiti, alinitumia picha kwa Watsapu. Ilikuwa imetundikwa sebuleni kwao tangu utoto wake. Mtaa wa Dar es Salaam, baraza la duka, kijana mwenye kanzu na kofia amesimama kando ya Morisi. Yeye alikuwa anajua huyo ni baba yake, Mzee Athumani. Lakini dada yake, binti wa baba mkubwa, Bi Zuhura wa Chumbi, mtu wa miaka sabini hivi, alikuwa anashikilia kwamba huyo ni baba yake yeye, marehemu Salum, kaka wa Athumani. Salum alikufa Zuhura akiwa bado tumboni. Kwa hesabu za ukoo wote, hakuna anayebisha hapo, ilikuwa miaka sita au saba kabla ya Uhuru. Hakuna picha yake nyingine. Kama si hii, basi Bi Zuhura amezeeka bila kuuona uso wa baba yake, na hatauona.

Nikauliza kwa nini hawakumuuliza Mzee Athumani alipokuwa hai. Hemedi akasema walimuuliza mara nyingi. Mzee alikuwa anacheka, anasema, "Ni sisi." Kaka hao walifanana mno, na tangu Salum afe Athumani hakupenda kutenganishwa naye hata kwa maneno.

Nikaikuza ile picha kwenye simu kwa vidole viwili. Kioo cha mbele cha Morisi kilikuwa kimoja, kizima, bila chuma katikati. Basi gari hilo lilitoka miaka kama mitano kabla ya Uhuru au baadaye, na Salum wakati huo alikuwa ameshazikwa. Nilijibu siku hiyohiyo. Niliandika hivi, bado ninayo: "Si marehemu Salum. Haiwezekani. Gari ni jipya kuliko kifo chake." Nilijisikia hodari, sitaficha.

Hemedi ni muungwana, hakumtambia dada yake. Lakini alimfikishia. Nilisikia baadaye kwamba Bi Zuhura alisema alhamdulillahi, akaenda shamba kulima kama siku nyingine. Kila Idi alikuwa akija kwa Hemedi, anakaa kwenye kiti kinachotazamana na ile picha. Idi iliyofuata alikuja, akakaa kiti kingine.

Miezi kadhaa ikapita. Kioo cha fremu kikapasuka, Hemedi akaileta picha yenyewe dukani tuweke kioo kipya. Hakuja kwa ajili ya jambo lile, kwake lilikuwa limekwisha. Nikaitoa kwenye fremu, nikaigeuza kufuta vumbi. Nyuma kulikuwa na mhuri wa studio yetu, uliofifia. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu anayebana kalamu sana: S, Ramadhani.

S hiyo ilikuwa yangu, ya Somoe. Sikuikumbuka picha hiyo, na mpaka leo siikumbuki. Watu wananiambia haiwezekani usahau, lakini nimeziba maelfu, na mwaka wa kwanza nilikuwa naona mistari tu, sioni picha. Nikamuuliza Hemedi picha halisi, ile ndogo, iko wapi. Akasema ilikwenda na mafuriko, pamoja na nyumba ya shamba ilimokuwa. Nikaipeleka ile kubwa mlangoni, nikailaza kwenye mwanga. Karatasi yote iling'aa. Katikati ya kioo cha Morisi, kutoka juu hadi chini, palikuwa na ufito usiong'aa, wino wa brashi, mwembamba, umenyooka kama uzi.

Nyumbani nilifungua madaftari ya mwanzo. Nilipata mistari miwili. "Leo nimeziba mkwaruzo mrefu kwenye gari. Bwana Seif kasema kazi safi, mtu hajui kama palikuwa na kitu." Ndiyo sifa ya kwanza niliyoipata katika kazi hii.

Siku mbili niliwaza ninyamaze. Nawaambia kwa sababu nyie nanyi mtawaza hivyo siku moja. Hemedi asingejua. Bi Zuhura alikuwa ameshapokea. Na mimi nilikuwa nimebakiza wiki chache niondoke na jina langu. Lakini sikuweza kulala na lile neno nililoliandika, haiwezekani. Sikuwa na haki ya neno hilo hata kama wino usingekuwa wangu, maana niliangalia picha ya simu, sikuitaka picha yenyewe. Nikampigia Hemedi, nikamwomba amlete dada yake.

Bi Zuhura aliingia dukani na mkoba wa ukili, hana haraka. Nikampa shikamoo, akaipokea, akaketi. Nikawaeleza wote wawili kila kitu, na daftari nikawaonyesha. Nikasema kwamba wino ule ni wa maji, wa Ramadhani, kwa hiyo pamba yenye maji huenda ikautoa. Lakini karatasi ni ya zamani. Ikilowa vibaya, ngozi ya picha itachubuka, na ikichubuka inaweza kwenda mpaka kwenye kijana mwenyewe, kwa sababu bega lake linagusa kioo. Nakala ninayo ya kompyuta, ila nakala inaonyesha kazi yangu, haionyeshi kilicho chini yake. Nikasema wao ndio waamue, na wakikataa nitaelewa.

Hemedi akasema ile picha ni ya kwake, lakini jambo si la kwake. "Dada, sema wewe."

Bi Zuhura akaniuliza, "Mkono wako bado unatetemeka kama nilivyoambiwa, au wamekusingizia?"

"Unatetemeka kidogo, mama."

"Basi anza kwenye gari. Ukifika begani, simama."

Nilianzia juu ya kioo. Pamba iliyokamuliwa, unagusa, unainua, hufuti. Ya kwanza haikutoa kitu. Ya tatu ikatoka na kivuli cha kijivu. Hemedi alikuwa amesimama nyuma yangu anapumua kwa nguvu, nikamwomba apumue kwingine. Pamba ya saba au ya nane, weupe ukaanza kujitokeza, mwembamba, umenyooka. Mkwaruzo haunyooki hivyo, na mkwaruzo hauna skrubu chini yake. Huu ulikuwa nayo, ndogo kama punje ya ulezi, nikaiona kwa lenzi. Kilikuwa chuma cha katikati. Nikaacha pale, sikufika begani.

Hemedi akauliza kwa hiyo ni baba mkubwa. Na hapa ndipo kazi yetu ni ngumu, maana ningependa sana kusema ndiyo. Nilitazama uso wa Bi Zuhura na ulimi ukanijaa ndiyo. Nikasema hapana, sijui. Gari hili lilikuwapo Salum akiwa hai. Lilikuwapo pia miaka mingi baada yake, na Athumani angeweza kusimama kando yake siku yoyote. Gari limeondoa kile nilichokisema, basi. Halijamtaja mtu. Nikamwomba Bi Zuhura radhi kwa ile Idi, nikamwambia nilimfungia mlango ambao haukuwa wangu.

Bi Zuhura aliomba lenzi. Nikamwonyesha namna ya kuishika, akainama juu ya picha mpaka ncha ya ushungi wake ikagusa meza, akatazama muda mrefu. Hakuangalia gari hata kidogo.

Nilipoona amechoka shingo, nikasema nitaikausha, niweke kioo kipya, na nitatoa nakala mbili, moja ya Chumbi na moja ya Kibiti, na nyuma ya kila moja nitaandika majina yote mawili, la Salum na la Athumani, ili atakayekuja asidanganywe na mimi mara ya pili. Wakakubali. Kisha, kwa mazoea tu ya mkono, nikaona kwenye shavu la yule kijana, chini ya jicho la kushoto, kidoa cheusi kidogo. Huenda ni uchafu, huenda kuvu. Vitu kama hivyo navitoa bila kufikiri. Nikamwambia nitamsafishia na hicho.

Bi Zuhura akafunika uso wa picha kwa kiganja, hakuigusa, alikiweka juu tu.

"Unajua ni uchafu?"

Nikasema sijui.

"Mimi pia sijui," akasema. "Kiache. Huenda ni chake."